Namna ya kurudishiwa dipositi yako yote: maneno ya fundi rangi wa Mombasa

Mwaka jana, siku ya mwisho ya mwezi wa tano, niliitwa kupaka nyumba ya vyumba viwili huko Bamburi. Nilipofika getini na ngazi begani, mpangaji anayehama alikuwa bado yupo, msichana wa miaka ishirini na kitu, amekalia godoro lililokunjwa akingoja mkokoteni. Akaniuliza, "Fundi, ni wewe utakayepaka kwangu?" Nikamwambia ndiyo. "Basi niambie kazi yako ni pesa ngapi, maana nimeambiwa dipositi yangu yote, elfu 22, imeishia kwenye rangi."

Sikumjibu. Mimi na mwenye nyumba tulikuwa tumeshakubaliana elfu 7 za ufundi, na rangi yenyewe ilikuwa ndoo moja ya lita 20. Nikapaka mkono mmoja tu, yaani tabaka moja la rangi, zikabaki lita kama 8 ambazo ziliishia kwenye kuta za ngazi. Nilinyamaza kwa sababu yule mwenye nyumba hunipa kazi. Kule kunyamaza kumenikaa kifuani mpaka leo, na ndiko kulikonifanya niandike haya.

Nina miaka 17 nikipaka nyumba zilizohamwa, kuanzia Likoni mpaka Mtwapa. Kazi yangu huwa katikati: mpangaji ametoka, mwingine hajaingia, na mimi ndimi ninayesimama na mwenye nyumba au keateka, yaani mtunza jumba, tukitazama kuta. Nasikia wanavyohesabu, naona wanachokitazama kwanza. Mimi mwenyewe pia ni mpangaji, Kisauni, kwa hiyo najua uchungu wa pande zote. Nimeona watu wachache wakirudishiwa hadi shilingi ya mwisho, na karibu wote walianza kuilinda pesa yao kabla hawajalala usiku wa kwanza katika nyumba.

Kabla hujaingiza godoro

Ukishalipa, usikimbilie kuleta vyombo. Omba funguo siku moja mapema, uingie nyumba ikiwa tupu, mchana, madirisha wazi. Nyumba tupu haifichi kitu.

Piga video bila kukata, ukianzia mlangoni ili nambari ya nyumba ionekane. Sema tarehe kwa sauti. Kisha nenda ukuta kwa ukuta, polepole, na kila ukifika kwenye kasoro, simama hapo mpaka ionekane vizuri: tundu la msumari, kioo chenye ufa, taili iliyovunjika pembe, mlango wa kabati la jikoni uliolegea bawaba. Fungua kila mfereji. Vuta maji chooni. Washa kila swichi. Hesabu balbu, maana nimeona watu wakidaiwa balbu ambazo hazikuwepo tangu mwanzo. Funga na ufungue kila dirisha, na kila kitasa ukijaribu kwa ufunguo wake.

Halafu andika orodha kwenye karatasi, nakala mbili, wewe na keateka mtie saini zote mbili. Kama keateka hataki kusaini, usigombane naye. Tuma zile picha na orodha kwa WhatsApp ya mwenye nyumba au ajenti siku ile ile, uandike tu: "Hivi ndivyo nilivyoikuta nyumba B4 leo, naomba iwekwe kwenye kumbukumbu." Ujumbe una tarehe na saa, na hakuna mtu atakayeweza kukuambia baadaye kwamba ulitunga. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na dipositi ni mali yako. Iko mkononi mwa mtu mwingine tu.

Pesa yenyewe ilipe kwa njia yenye alama, M-Pesa au benki, na risiti itenganishe kodi na dipositi. Nimeona risiti zimeandikwa "elfu 44 nyumba" basi, na miaka miwili baadaye mtu anaambiwa dipositi hakutoa. Kama kuna dipositi ya maji au ya stima, nayo iandikwe peke yake.

Mkataba na ile aya ya rangi

Mikataba mingi ya Mombasa ina aya moja kuhusu rangi, na ndiyo aya ambayo watu hawaisomi. Yaweza kuandikwa kwa namna tatu. Ya kwanza husema utairudisha nyumba katika hali uliyoikuta. Ya pili husema utaipaka rangi ukihama. Ya tatu, ambayo ndiyo inayomeza dipositi za watu, husema mwenye nyumba ataipaka kwa fundi wake na gharama itakatwa kwenye dipositi yako.

Ukikuta ile ya tatu, zungumza kabla ya kusaini. Usiwe mkali. Sema, "Mzee, mimi nakubali kupaka, ila naomba tuandike kwamba naweza kuleta fundi wangu, kwa rangi ile ile, na wewe uje ukague." Wengi hukubali, kwa sababu siku hiyo wanataka mpangaji. Wakikataa, omba angalau iandikwe kwamba utaoneshwa risiti ya rangi na ya ufundi. Neno "risiti" likishakuwa ndani ya mkataba, hesabu huwa ndogo.

Na kama mkataba wako ni wa ile namna ya kwanza, ujue sheria iko nawe. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 66, inamtaka mpangaji aitunze nyumba na kuirudisha katika hali ile aliyoikuta, lakini inautoa nje uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia kwa jua la dirishani baada ya miaka mitatu ni uchakavu. Sakafu iliyokwaruzika njia ya kuendea mlango ni uchakavu. Tundu la ngumi kwenye mlango wa chumbani si uchakavu, na mchoro wa mtoto wa kalamu ya wino ukutani si uchakavu. Hayo ni yako.

Sisi wa Pwani tuna jambo letu la ziada. Hewa ya bahari hula chuma, na maji ya visima ambayo majumba mengi hutumia mfereji wa mji ukikauka yana chumvi. Fremu ya dirisha yenye kutu, kitasa kilichoota kijani, mfereji uliomomonyoka ndani, hivyo ni kazi ya bahari, mpangaji hakuvitenda. Nimewahi kumsikia ajenti akimkata mtu mifereji minne iliyokufa kwa chumvi. Mpangaji alikubali kwa sababu hakujua kwamba ana haki ya kukataa.

Wakati unaishi

Hapa sina mengi. Kitu kikiharibika, ripoti siku ile ile kwa maandishi, hata kama umeshamwambia keateka kwa mdomo. Hasa maji. Bomba likivuja ndani ya ukuta mwezi wa nne wakati wa mvua za masika, kuvu litapanda, rangi itavimba na kubanduka, na siku ya kuhama mtu atasimama mbele ya ule ukuta akuulize ulikuwa unafanya nini humo. Ukiwa na ujumbe wako wa tarehe 12 Aprili wenye picha ya lile tone la kwanza, mazungumzo yatakuwa mengine.

Usibadilishe rangi ya ukuta bila ruhusa ya maandishi. Najua kuna vijana wanapenda ukuta mmoja wa kijivu kizito au wa bluu. Kuifunika bluu kwa krimu kunataka mikono mitatu, wakati mwingine minne, na hiyo italipwa na wewe.

Notisi

Watu hupoteza mwezi mzima hapa kwa siku tano. Mkataba ukisema notisi ya mwezi mmoja, na kodi yako hulipwa tarehe 1, basi kama wataka kutoka tarehe 31 Julai, notisi ifike kabla ya tarehe 1 Julai. Ukiipeleka tarehe 5 Julai, mwenye nyumba ana haki ya kusema mwezi wako unaanza kuhesabiwa Agosti. Hata pale pasipo na mkataba wa maandishi na unalipa mwezi kwa mwezi, kifungu cha 57 cha sheria ile ile kinataka notisi isiyopungua kipindi unacholipia, na imalizikie siku ya kulipa kodi.

Iandike kwa karatasi, ipige picha, itume kwa WhatsApp pia, na umpe keateka nakala asaini "nimepokea" na tarehe. Ndani yake weka sentensi moja ya kuomba ukaguzi wa kwanza wiki mbili kabla ya kuhama.

Ukaguzi huo wa kwanza ni muhimu kuliko ule wa mwisho. Keateka au ajenti anaingia ukiwa bado unaishi, anakuonesha anachokiona kibaya, nawe unaandika. Unapata wiki mbili za kukirekebisha kwa bei yako na fundi wako. Bila ukaguzi huo, kasoro zinagunduliwa siku ambayo umeshakabidhi funguo, na bei inapangwa na mtu ambaye pesa yako iko mfukoni mwake.

Ukuta

Sasa niseme ninachokijua zaidi.

Mwenye nyumba akiingia, jicho lake huenda kwanza kwenye ukuta wa sebuleni ulipokuwa televisheni. Hapo pana matundu manne ya kile chuma cha kuning'inizia, na vumbi la kivuli cha skrini. Akiona hapo ni safi, moyo wake hutulia na hutembea haraka vyumba vilivyobaki. Akiona hapo pabaya, huanza kutafuta.

Kuziba tundu ni kazi ya nusu saa na kukausha. Usiuvute msumari kwa nguvu, utabeba na plasta. Weka kipande cha ubao chini ya koleo ili kichwa cha koleo kisibonyee ukutani, kisha uzungushe kidogo kidogo ukivuta. Kama kuna plagi ya plastiki ndani, ivute kwa skrubu iliyoingia nusu. Kwangua kingo za tundu mpaka ziwe chini kidogo ya uso wa ukuta, futa vumbi, kisha nyunyiza maji kidogo ndani. Watu wengi huruka hapo kwenye maji. Plasta kavu hunywa maji ya puti, ule uji mzito wa kuzibia matundu, puti ikanyauka na kuanguka baada ya wiki.

Jaza puti mara mbili, si mara moja. Mara ya kwanza ijae karibu na uso, iache ikauke, itabonyea. Mara ya pili ipite juu kidogo ya ukuta. Ikishakauka kabisa, piga msasa laini, namba 120 au zaidi, kwa mviringo, mpaka ukipitisha kiganja umefumba macho usisikie mahali tundu lilipokuwa. Mimi hufumba macho kweli. Jicho hudanganyika na mwanga, kiganja hakidanganyiki.

Usizibe kwa dawa ya meno. Najua wanavyofundishana. Nimezikuta dawa za meno ukutani mara nyingi. Hupasuka, na rangi ikipakwa juu hugeuka manjano mahali pale. Kopo dogo la puti si ghali.

Rangi yenyewe, nenda hadiwea na kipande cha rangi ya zamani kilichobanduka, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, wakulinganishie. Au muulize keateka, mara nyingi kopo la zamani liko chumba cha pampu na jina la rangi limeandikwa juu. Kisha usipake kiraka. Hata rangi ikiwa ile ile, ya ukutani imeshapigwa na jua na moshi wa jikoni, kiraka kitaonekana kama chapati ukutani. Paka ukuta mmoja mzima, kutoka pembe hadi pembe, kwa rola. Macho hayawezi kulinganisha rangi mbili zikikutana kwenye pembe, kwa sababu mwanga wa kuta mbili haufanani.

Na hesabu ya rangi ijue, ili usidanganywe. Ukuta laini uliokuwa na rangi, lita moja hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Chukua sebule ya mita 4 kwa 3 na nusu, kimo mita 2.7. Mzunguko wa kuta ni mita 15. Zidisha kwa 2.7 upate 40 na nusu; toa mlango na madirisha, bakia na 35 hivi. Mkono mmoja ni lita 3 na nusu, mikono miwili lita 7. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala, pamoja na jikoni na korido, kuta zake huwa kama mita 90 za mraba, kwa hiyo ndoo moja ya lita 20 inatosha mikono miwili. Ukiletewa hesabu ya ndoo 3 kwa nyumba kama hiyo, omba risiti ya hadiwea, kwa upole, na uulize zile mbili zilikwenda ukuta gani. Muulize na fundi bei yake. Mimi tangu siku ile ya Bamburi, mpangaji akiniuliza nimelipwa ngapi, namwambia.

Kuvu na chumvi

Kuvu jeusi la bafuni au nyuma ya kabati huondoka kwa Jik iliyopunguzwa na maji, sehemu moja ya Jik kwa sehemu tatu za maji. Paka, acha robo saa, sugua, suuza, fungua madirisha. Liache likauke siku mbili kabla ya kupaka rangi. Ukipaka rangi juu ya kuvu bichi, litarudi kabla hata mwenye nyumba hajapata mpangaji mwingine, na hapo utakuwa umemfanyia jambo lisilo zuri.

Ukoko mweupe wa maji ya kisima kwenye mifereji na shawa, Jik haiuwezi. Huo wataka kitu kichachu: siki au ndimu. Chukua kitambaa, kiloweshe siki, ukizungushe mferejini kama bandeji, ukiache saa moja. Ukikifungua, ukoko utakuwa umelainika kama uji mkavu, unatoka kwa kidole. Kichwa cha shawa kitie kwenye mfuko wa plastiki wenye siki, ukifunge kwa mpira wa pesa, kilale hivyo usiku kucha. Asubuhi matundu yote yanapitisha maji. Siki isidondoke kwenye sakafu ya terazo wala marumaru, inayala mawe hayo na alama yake haifutiki. Na nakuomba sana, siku ya siki isiwe siku ya Jik. Vikikutana hutoa hewa ya sumu, na bafu zetu ni ndogo, dirisha lenyewe kiganja.

Usafi mwingine unaujua. Nyuma ya jiko kuna mafuta, tumia maji moto na sabuni ya kuoshea vyombo. Ndani ya kabati, juu ya milango, kwenye reli za madirisha. Ondoa misumari ya pazia ila kama uliikuta. Usiache hata kiatu kimoja, kwa sababu kiatu kimoja kinakuwa "gharama ya kutoa taka".

Siku ya funguo

Vyombo vikishatoka, piga video nyingine, njia ile ile ya siku ya kwanza, kutoka mlangoni. Kisha ita mtu wa kukagua, mchana. Akikuambia aje jioni, mwambie utamngoja asubuhi. Nyumba ya Mombasa jioni, stima ikiwa imekatika, kila ukuta unaonekana mchafu.

Niliona ukaguzi mmoja Mikindani ambao sitausahau. Mpangaji alikuwa mwalimu, mwenye nyumba mama mtu mzima, na mimi nilikuwa nimeitwa kupiga hesabu ya rangi. Yule mwalimu alikuwa na bahasha ya kaki tu, imekunjika pembe. Bi mkubwa akasimama chumbani akasema, "Mwalimu, na kioo hiki?" Kioo kilikuwa na ufa chini, upande wa kushoto. Mwalimu hakubisha. Akatoa picha iliyochapishwa, akaiweka kando ya dirisha: ufa ule ule, pazia hakuna, tarehe ya miaka mitatu nyuma. "Nilikikuta nao, Bi. Nilikutumia siku ile niliyoingia." Yule mama akavaa miwani, akatazama picha, akatazama kioo. Wakaenda jikoni. Mlango wa kabati, picha. Taili ya bafuni, picha. Kwenye sebule, ukuta wa televisheni ulikuwa umepakwa upya, nami nikapitisha kiganja nisisikie kitu. Bi mkubwa akanigeukia, "Fundi, huyu hana deni." Elfu 25 zake ziliingia M-Pesa jioni ile, kabla ya magharibi.

Mita ya maji isomeni pamoja, piga picha, lipa salio hapo hapo, hifadhi ujumbe. Tokeni za stima usinunue nyingi wiki ya mwisho, maana zilizobaki hazirudishwi. Hesabu funguo ukizikabidhi, na karatasi iseme: "Nimepokea funguo 3 za nyumba B4, nyumba imekaguliwa, iko sawa," tarehe, saini, jina. Wakisema kuna makato, yaandikwe hapo hapo moja moja na bei yake. Usisaini karatasi isiyo na bei.

Wakianza kukuzungusha

Kuna wanaoamua kutolipa kodi ya mwezi wa mwisho, waishi kwenye dipositi. Naelewa kwa nini. Wameshaona wenzao wakizungushwa. Lakini mikataba mingi inakataza, na mwenye nyumba akifunga mlango kwa kufuli vyombo vyako vikiwa ndani, wewe ndiwe uliyeanza kuvunja mkataba. Kama mwenye nyumba mwenyewe anakubali, sawa kabisa, ila akubali kwa maandishi, na mkubaliane ukarabati utalipwaje. Bila hivyo, lipa kodi yako, usimpe mtu sababu.

Baada ya kuhama, subiri muda ulioandikwa kwenye mkataba. Kama haukuandikwa, mimi huwaambia watu wasubiri siku saba kisha watume ujumbe. Usianze na vitisho. Hivi ndivyo nilivyomwandikia dada yangu akatuma:

"Assalamu alaikum Mzee. Ni mimi niliyekuwa nyumba B4. Nashukuru kwa miaka miwili ya kukaa kwa wema. Tarehe 31 Julai nilikabidhi funguo 3, na karatasi ya ukaguzi ilisainiwa kwamba nyumba iko sawa. Dipositi yangu ni shilingi 20,000. Naomba unijulishe ni tarehe gani nitaipata. Nambari ya kutumia ni hii hii. Shukran."

Ujumbe huo una heshima, una kiasi, una ushahidi, na unaomba tarehe. Mtu akikupa tarehe, umeshapata kukiri kwake kwamba pesa yako anayo. Tarehe ikipita, tuma mwingine ukitaja ile tarehe. Ikipita ya pili, andika barua ya madai, umpe siku 14, na useme wazi kwamba baada ya hapo utakwenda Mahakama ya Madai Madogo.

Mahakama hiyo wengi hawaijui. Imeundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ikaanza kazi Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili 2021, na sasa iko miji mingine pia, Mombasa ikiwemo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na pesa yako iliyoshikwa na mtu mwingine ni katika madai inayoyapokea. Huhitaji wakili, waweza kusimama mwenyewe. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Kama kodi yako ni shilingi 2,500 kwa mwezi au chini, kuna baraza lako maalumu la kodi za nyumba, lakini nyumba za bei hiyo sasa ni chache.

Uendapo, beba mkataba, risiti, taarifa ya M-Pesa inayoonesha siku uliyolipa (waweza kuiomba kwa *334# ikatumwa kwa barua pepe), picha za kuingia na za kutoka, notisi, karatasi ya funguo, na ujumbe wote mliotumiana, umechapishwa kwa mpangilio wa tarehe. Kama kuna makato unayoyapinga, leta bei ya hadiwea na bei ya fundi kwa maandishi. Mafundi tunaweza kukuandikia, tuombeni tu.

Dada yangu alifika huko. Mwenye nyumba wake alikuwa amempa tarehe nne, zote zikapita. Alifungua madai, mwenye nyumba akapelekewa karatasi zake, na siku nne kabla ya kusikizwa simu ya dada ikalia: elfu 20 zimeingia, kamili. Alinipigia nikiwa juu ya ngazi Nyali, rola mkononi, akiniuliza kama sasa yafaa aende kuifuta kesi. Nikamwambia aangalie salio kwanza. Akaangalia, zipo. Akaenda.